Waliponiita nirudi, niliuliza habari ya bahasha

Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Bei ilikuwa imeanguka vibaya kwa sababu kobalti ilijaa sokoni, na Kongo, inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima, iliamua kufunga mlango kwa muda ili bei ipande. Kwa wakubwa hilo lilikuwa suala la bei. Kwetu Lubumbashi, sisi tunaoishi kwa makaratasi ya forodha, lilifika mpaka jikoni.

Ofisi ninayofanyia kazi ilikuwa na mteja mmoja mkubwa, na mteja huyo mzigo wake ulikuwa kobalti. Shaba iliendelea kutoka, na ofisi zenye wateja wa shaba hazikuyumba sana. Sisi tulibaki tunatazamana. Mwezi wa sita, zuio lilipoongezewa miezi mitatu, mkurugenzi alituita sote akatueleza bila kuzunguka: mshahara utakuwa nusu mpaka mzigo urudi, na atakayepata pengine aende kwa amani. Namheshimu kwa kusema hivyo. Wengine huanza kukwepa wafanyakazi wao koridoni.

Ni majuma hayohayo ofisi yangu ya zamani iliponipigia simu.

Niliifanyia kazi ofisi ile tangu 2017 hadi 2023. Ndiko nilikojifunza uwakala wa forodha, kuanzia kujaza tamko la mzigo kwenye Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, mpaka kujua ni karatasi gani ikikosekana lori linalala mpakani Kasumbalesa. Aliyenipigia alikuwa mkuu mpya wa personeli, mtu mwenye sauti ya upole. Baada yake ujumbe ukaanza kuingia kutoka kwa wenzangu wa zamani, kama waliokuwa wameambiwa. Mmoja aliandika, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: «Yaya, rudia tu. Yule bwana alishaenda. Huku njo kwenu.»

Maneno hayo yaliniingia, sifichi. Mtu ukiwa na nusu mshahara, na Septemba ya kufungua shule inakaribia, ukiambiwa kuna mahali ni kwenu unataka kuamini. Mshahara waliotaja ulipita ule niliouacha. Na yule bwana, mkuu wa idara aliyekuwa akitukemea mbele ya madereva, alikuwa ameondoka kweli. Kwa miaka miwili kila aliyeniuliza kwa nini nilitoka nilimjibu kwamba ni kwa sababu yake. Basi kama hayupo, kizuizi kiko wapi?

Mume wangu ni mwalimu. Aliniambia, «Mama watoto, sikusukumi, lakini hesabu unaiona.» Niliiona. Hata hivyo nilimwomba yule mkuu wa personeli anipe muda, nikaenda Katuba kumwona baba yangu.

Baba ni mtoto wa mgodi, aliyekulia kambi ya wafanyakazi. Watu wa rika lake walizoea mwajiri aliyewafanyia kila kitu. Wakati wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, na baada ya mwaka 1967 ilipokuwa mali ya taifa na baadaye kuitwa Gécamines, kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, hospitali, shule, hata unga wa bukari, yaani ugali. Kisha kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kwa mpango wa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Nilikuwa msichana mdogo. Nawakumbuka wazee wa mtaani kwetu ambao miaka mingi baadaye walikuwa bado wanasema «kazini kwetu», wakitaja namba zao za kazi kama mtu anavyotaja jina la ukoo. Ndiyo maana nilidhani baba atanishika mkono anirudishe mwenyewe, kwa kuwa kwake mwajiri wa zamani ni kama nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: kile kitu kilichonitoa kule, chenyewe kimeshatoka?

Nikamwambia bwana yule ameondoka. Akasema hajaniuliza habari ya mtu.

Njiani kurudi nililichambua swali lile. Yule bwana alikuwa na kelele, ndiyo, lakini nilimvumilia miaka. Kelele mtu huzizoea. Kilichonitoa ni bahasha.

Wanaofanya kazi hii wanaijua. Asubuhi na mapema, kabla hata magari ya abiria hayajajaa, unaingia kwa mama wa kasha, yaani mshika fedha wa ofisi. Anakupa bahasha ya kaki yenye dola na franga za Kongo zikiwa zimechanganywa, na daftari la shule la kutia sahihi. Daftari limeandikwa jina lako, tarehe na jumla. Kwamba kiasi hiki ni cha kazi gani, haliandikwi. Ushuru wenyewe unalipwa benki, huo hauna matata. Bahasha ni ya yale mengine: maegesho, mizani, wapakiaji, fotokopi, mlinzi wa usiku, turubai likichanika, chakula cha dereva aliyekwama. Unaikunja, unaifunga kwenye kitenge kiunoni, unapanda gari, unakwenda kilomita karibu tisini mpaka mpakani. Kama lori halikutoka siku hiyo unalala hukohuko, na usingizi wenyewe unakuwa wa jicho moja kwa sababu ya kile kilicho kiunoni.

Ukirudi, mama wa kasha anatandaza risiti mezani na kuzijumlisha kwa kalkuleta. Mpakiaji hana risiti. Mlinzi hana risiti. Mtu wa fotokopi anakuandikia kwenye kipande cha karatasi kisicho na muhuri, nacho kinakataliwa. Kinachobaki kinaitwa manko, na manko inakatwa kwenye mshahara wako. Mama wa kasha mwenyewe si mtu mbaya, aliwahi hata kulia nami. Alikuwa na amri yake. Kuna mwezi ambao manko ilikula ada ya shule ya mwanangu wa pili, kwa kazi niliyoifanya vizuri, mzigo ukafika kwa wakati na mteja akatuma barua ya shukrani. Barua ile ilibandikwa ukutani. Siku hiyo nilijua nitaondoka, ingawa iligharimu muda mpaka kupata pengine.

Basi nilipoamua kuchunguza, sikuuliza kama wakubwa wapya ni wazuri. Nilimtafuta mwenzangu mmoja aliyebaki kule, mtu mkimya, asiyekuwa kati ya walioniandikia. Tulikutana Jumamosi kwenye michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, pale Bel-Air, jioni ya baridi ya mwezi wa saba, kila mtu na koti lake. Tuliulizana habari za watoto kwanza. Halafu nikamuuliza: siku hizi feza ya Kasumbalesa inakwenda namna gani?

Akacheka kidogo kwa pua. «Yaya, bahasha iko palepale. Daftari tu njo lilibadilika, lile la zamani lilijaa.»

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mtu mwenye njaa hatupi sahani kwa sababu ya neno moja, na nilitaka kujua kila kitu kabla ya kukataa au kukubali. Wale wanaosema «usirudi nyuma kamwe» mimi siwaelewi. Kuna watu wanarudi na wanafanya vizuri. Kijana mmoja tuliyemwita Kadogo alitoka ofisi ileile 2022 kwa sababu mama yake alipooza kule Likasi na hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Mama alipofariki, Mungu amrehemu, Kadogo alirudi, na mpaka leo yupo, anaendelea vizuri. Kilichomtoa yeye hakikuwa ndani ya ofisi. Yeye hana familia ya kulisha, manko anaiona kama kodi ya mji, na haikuwa juu yangu kumwambia vinginevyo.

Nilikwenda kwanza CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile iliyokuwa ikiitwa INSS. Kila mwezi mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, na mwajiri anaongeza 13 juu yake kwa matawi yote. Kukatwa tunakuona kwenye karatasi ya mshahara. Kufika kwake kule hatukuoni mpaka tuulize. Niliuliza. Nikakuta miezi ya mwaka 2020 haimo. Kwenye karatasi zangu za mshahara imekatwa, kwenye akaunti haimo. Kila msomaji aliyewahi kuajiriwa Kongo ningependa aende akaulize, awe anafikiria kurudi mahali au hafikirii. Kuuliza hakuna malipo. Unabeba namba yako ya uandikishaji na uvumilivu wa foleni.

Kisha nikasoma mkataba walionitumia, neno kwa neno, usiku watoto wakiwa wamelala. Ulikuwa mkataba wa mwaka mmoja, na ndani yake miezi sita ya majaribio. Majaribio! Miongoni mwa waliobaki kule wapo ambao kuandika tamko la kwanza niliwafundisha mimi. Sheria inaruhusu majaribio hadi miezi sita kwa mtu mwenye ujuzi, hilo sikatai. Lakini kumwandikia mtu aliyewahi kukufanyia kazi miaka sita kwamba unataka kumwonja kwanza, ni kumwambia kwamba ile miaka umeifuta.

Na kweli ilikuwa imefutwa, kwa namna ambayo wengi wetu hatuitazami. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema mwajiri akitaka kuvunja mkataba usio na kikomo bila kosa la mfanyakazi, anatoa ilani ya siku za kazi 14, na kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo anaongeza siku 7. Nilipotoka 2023, kama wao ndio wangeniondoa, ningewadai siku 14 na nyingine 42. Nikirudi na mkataba mpya usiotaja miaka ya nyuma, nahesabiwa kuanzia sifuri pamoja na kijana aliyetoka chuo jana. Neno linalofanya kazi hapo ni «mfululizo». Ukitoka umekata uzi, na uzi hauungani wenyewe kwa sababu mmekumbatiana mlangoni. Unaungwa na sentensi moja ndani ya mkataba inayosema miaka ya zamani inatambuliwa. Ikiwa hawataki kuiandika, ujue hata wakikuita «mtoto wa nyumba» unaingia kama mgeni.

Mkataba wa muda maalumu nao una mipaka yake. Hauvuki miaka miwili, na hauongezwi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule, isipokuwa kwa kazi kama za msimu. Nimewahi kuona watu wakizungushwa kwa mikataba mifupimifupi miaka nenda miaka rudi, hawajui kwamba kisheria walishakuwa wafanyakazi wa kudumu.

Nilikwenda kwenye kikao nikiwa nimeandika mambo yangu kwenye karatasi. Mkuu wa personeli alinipokea vizuri, akaagiza chai, akaniulizia wazazi. Nilianza na ile miezi ya CNSS. Alishtuka, naamini kwa dhati, akaita mhasibu palepale. Nilipofika kwenye miaka ya utumishi aliandika kwenye kijitabu chake akasema atalipigania. Majaribio akasema yafutwe leo hii. Nilimwona ni mtu anayetaka kazi iende.

Ndipo nikataja bahasha.

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, na manko yote. Nikamwambia jinsi ofisi ninayofanyia kazi sasa inavyofanya: kila safari ina karatasi yake yenye mistari, kiasi cha kila kitu kimekadiriwa, fedha inatumwa kwenye simu ya kazi kadiri matumizi yanavyojitokeza, na yasiyo na risiti yana kiwango kinachokubalika ambacho wakala anakitia sahihi pamoja na dereva. Si mfumo wa ajabu. Hauhitaji mtambo kutoka Ulaya. Alisikiliza, akaniambia anarudi kwangu baada ya kuongea na wakubwa.

Jibu lilipokuja lilikuwa zuri kuliko nilivyotegemea, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Wamekubali miaka yangu itambuliwe. Wamekubali mkataba usio na kikomo. Na kuhusu bahasha wamekubali kwamba mimi, mimi peke yangu, sitakatwa manko. Wengine wataendelea kama kawaida kwanza, «tutaona baadaye». Sharti hilo la mwisho halingeandikwa, lingebaki kati yetu, ili wengine wasilete maneno.

Usiku ule sikulala vizuri. Mume wangu alisema, na hakukosea, kwamba nilikwenda kuomba nisikatwe na nimepewa nisikatwe. Kwa nini nabeba mzigo wa watu wazima wenzangu?

Nilimjibu mambo mawili, na bado nayaamini yote mawili. La kwanza ni la tumbo. Ahadi isiyoandikwa inakaa mdomoni mwa aliyeitoa, na yeye mwenyewe ameajiriwa. Siku akipata kazi Kolwezi anaondoka nayo, na mimi nitakuwa nimeacha ofisi iliyoniambia ukweli wakati wa shida, nimekaa mbele ya mama wa kasha na kalkuleta yake, bila ushahidi. Kama wana nia, kuwaandikia watu wote ni kazi ya ukurasa mmoja. Walishindwa kuandika hata kwa mtu mmoja.

La pili ni la moyo. Ningepanda gari la Kasumbalesa na yule rafiki yangu mkimya, yeye na bahasha yake kiunoni, mimi na yangu, ya kwake ina meno na yangu haina. Ningekaa naye namna gani kwenye michopo? Na ningejua kwamba kunyamaza kwangu ndiyo bei niliyolipwa. Wangenitumia pia, hilo nililiona wazi: mtu akilalamika wangemwambia, «mbona yule amerudi kwa hiari yake?»

Sikuwa na akiba ya kujivunia. Nilichokuwa nacho ni ujuzi. Kuna kina mama wengi wanaoleta bidhaa kutoka Zambia na Dar es Salaam, mzigo mdogomdogo, nao huwa wanadanganywa sana kwa kutojua makaratasi. Kwa ruhusa ya mkurugenzi wangu nilianza kuwaandalia faili zao mchana ambao ofisi haikuwa na kazi. Faida haikuwa kubwa, lakini ada ya Septemba ililipwa, nusu mwezi huo na nusu mwezi uliofuata, kwa makubaliano na shule. Wasio na njia kama hiyo wakirudi kwa mwajiri wa zamani kwa sababu ya chakula, sina neno nao. Ningewaomba tu waende CNSS kwanza na waombe ile sentensi ya miaka, kwa maana siku wanazokubembeleza urudi ndizo siku unazosikilizwa. Mimi sikurudi, na bado ile miezi ya 2020 ilitangazwa na kulipwa, kwa sababu niliiuliza walipokuwa wananihitaji. Nawashukuru kwa hilo.

Barua ya kukataa niliiandika kwa adabu, nikaipeleka mwenyewe na kuomba nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Nilisema nashukuru, na kwamba fedha za safari zikianza kutunzwa kwa karatasi kwa mawakala wote, waniite tena, nitakuja kuzungumza. Sikuandika hivyo kwa kuremba. Ofisi ile ina wateja wazuri na watu ninaowapenda.

Tarehe 16 Oktoba 2025 zuio liliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na viwango vya kobalti inayoruhusiwa kuuzwa nje: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026. Mzigo haukutiririka siku hiyohiyo, taratibu mpya zilichukua muda wake, nasi tuliendelea na nusu mshahara kwa kitambo. Yule rafiki yangu tunaonana bado. Mara ya mwisho aliniambia kwamba mawakala wawili walioajiriwa baada ya mimi kukataa wamegoma kutia sahihi daftari mpaka liandikwe kila kiasi ni cha nini, na mkuu wa personeli ameomba mkutano. Nimemwomba anijulishe watakachojibiwa.